Besi Zilipoingia

Mama mdogo hakusimama. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu kaka yake, miguu ameinyoosha, kanga imemteremka mabegani. Alikohoa kidogo, akatazama juu kwenye kenchi za baraza, akautoa wimbo: Bwana u Sehemu Yangu. Mstari wa kwanza wote aliuimba peke yake, kwa sauti ya chini, karibu na sauti ya kuongea.

Wanawake wakampokea. Wanaume chini ya turubai tulikuwa kwenye bei ya machungwa, maana Muheza hata msibani machungwa hayakosi kutajwa, na mmoja mmoja tukanyamaza. Kilipofika kiitikio, wazee wawili watatu wa kwaya, waliokuwa wamekaa nyuma kabisa karibu na jenereta, wakaingia na besi.

Nikalia.

Sisemi kwamba machozi yalinilengalenga. Nililia kwa kwikwi, mabega yakipanda na kushuka, mpaka mzee niliyekaa naye akaniwekea mkono gotini na kuuacha hapo. Watoto wa marehemu, wenye msiba wao, walikuwa wanapanga viti.

Kilichonisumbua wiki zote hizi ni hiki. Mjomba huyu hatukuwa na ugomvi, wala hatukuwa na ukaribu. Alikuwa mjomba wa Krismasi na wa harusi, mtu wa kukupa mkono, kukuuliza kazi zinaendaje, na kutosubiri jibu. Lakini miezi michache kabla yake alifariki baba yangu mzazi. Huyo nilimzika kwa mikono yangu, nikashuka mpaka ndani ya kaburi kumpokea.

Na sikutoa chozi hata moja.

## Ngamiani

Msiba wa baba, nyumbani Ngamiani, Tanga mjini, ulikwenda kama inavyokwenda misiba ya Waislamu wa Tanga, yaani haraka. Alikata roho alfajiri. Tulimswalia baada ya adhuhuri, na adhana ya alasiri ilitukuta tuko njiani kurudi. Kutoka msikitini mpaka makaburini tulipokezana jeneza huku tukiitikia tahlili, La ilaha illa Llah, sheikh akitoa na sisi tukipokea, hatua zikifuata maneno. Nilikuwa mbele, upande wa kushoto. Bega liliwaka. Tangu madrasa watu wameisifu sauti yangu, na siku ile ilikuwa juu ya sauti za wengi. Nilijua hivyo, na sikuishusha.

Pale kaburini ikasomwa talkini. Najua kuna wasomaji wangu ambao misikitini kwao haisomwi tena, na mjadala huo sitaufungua hapa. Sheikh huketi upande wa kichwani, humwita maiti kwa jina lake na jina la mama yake, kisha humkumbusha majibu atakayowapa malaika. Nilimsikia baba, mzee mwenye wajukuu wakubwa, akiitwa kwa jina la bibi yangu kama mtoto anayeitwa ndani magharibi imeingia.

Kama kuna sauti ya kumliza mtu, ni hiyo. Kaka yangu alikuwa analia waziwazi, mchanga umemganda mashavuni. Mimi nilikuwa mkavu. Nilikuwa nafikiria kama maji ya kumwagia kaburi yanatosha.

Watu walinisifu. Umejikaza, walisema, umejikaza kiume. Nikazipokea sifa hizo kana kwamba kuna kazi niliyoifanya.

## Lakini maneno hukuyaamini

Aliyekulia pande za Muheza hahitaji kuelezwa familia yangu ilivyo. Babu wa huku anakwenda msikitini, bibi wa kule anakwenda kanisani Magila, na Idi na Krismasi zote zina wali uleule. Mama alisilimu alipoolewa. Kwa hiyo kukaa kwenye msiba wa Kikristo si jambo geni kwangu. Geni lilikuwa koo langu kufunguliwa na wimbo wa huko, baada ya kukataa kufunguliwa na wa kwetu.

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja wa msikitini. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kwa upole: "Lakini maneno yenyewe hukuyaamini?"

Ni swali la haki, na lilinikaa kichwani. Maneno yenyewe ni ya mtu anayeomba asafiri pamoja na Bwana wake, asimwache njiani. Aliyeyatunga kwa Kiingereza ni Fanny Crosby, mwanamke wa New York aliyezaliwa 1820 na kuwa kipofu tangu uchanga, akaishi mpaka 1915 na kuacha maelfu ya nyimbo za dini. Kwetu wimbo huo umo katika Tenzi za Rohoni, kitabu ambacho msibani hakiulizi mtu ni wa dhehebu gani. Mama wa Kianglikana anautoa, jirani Mlutheri anaupokea, na Mpentekoste anaongeza mapambio yake mbele ya safari.

Nilichomjibu rafiki yangu ni kwamba maneno hata sikuyafikia. Besi ziliingia, na kilio kikaja kabla sijajua mstari unasema nini. Kisha nikamkumbusha jambo lililo gumu zaidi kwangu. Maneno ya tahlili nayaamini yote, neno kwa neno, na niliyatamka kwa sauti kubwa nikiwa na baba begani. Hayakunitoa chozi. Kama ingekuwa imani ndiyo inayoliza, basi mimi ningelia Ngamiani na kuongea machungwa Muheza.

Hapa niseme kitu pembeni, ili msomaji wa upande wangu asinielewe vibaya. Usomaji wa Qurani siuiti muziki. Lakini nimekulia karibu na maduka yaliyopiga kaseti za Sheikh Abdul Basit wa Misri, yule aliyefariki 1988, na nimewaona kwa macho yangu wenye maduka wakiacha kupima sukari, mkono uko hewani, wakisubiri aimalize pumzi ile ndefu. Wengi wao Kiarabu hawakukijua zaidi ya swala zao. Kilichousimamisha mkono kilikuwa sauti.

## Mama anakana

Usiku mmoja nikiwa sijalala nilikumbuka, au nilidhani nakumbuka, kwamba wimbo ule si mgeni kwangu.

Nikamwona mama amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, mdomo kaufunga, na sauti inatoka puani. Hakuna maneno. Mkono unakwenda na kurudi, na kwenye kiitikio unakwenda polepole zaidi. Mimi niko mlangoni nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasubiri machicha nikawape kuku.

Kesho yake nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Tukaongea ya kula, ya mvua, ya dawa zake za presha. Kisha nikamuuliza kuhusu wimbo ule aliokuwa akiuimba kwa puani wakati wa kukuna nazi.

"Mimi?" Akacheka. "Mimi sijaimba huo tangu niolewe. Niliuacha kwa wazazi wangu. Labda ulisikia redio ya jirani."

"Redio haikuni nazi, mama."

Kimya. Kisha akasema baba alipenda tui zito, na ukimpa jepesi hakusema kitu, alisogeza sahani tu. Tukaongea kuhusu tui.

Nilisoma baadaye juu ya jaribio lililofanywa Marekani na wanasaikolojia DeCasper na Fifer, likachapishwa 1980. Watoto waliozaliwa siku chache tu zilizopita walipewa chuchu ya kunyonya isiyo na maziwa, na kwa namna walivyonyonya waliweza kuchagua wasikie sauti ya mama yao au ya mwanamke mwingine. Walijifunza kunyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama. Hawajaijua dunia, macho bado yanahangaika na mwanga, lakini sauti hiyo wanayo tayari, wamekuja nayo.

Jaribio hilo limenifurahisha, ila halinitolei ushahidi dhidi ya mama yangu. Huenda aliimba. Huenda ni kweli ilikuwa redio, na mimi nikaipachika mbuzi na nazi baada ya msiba, kwa kuwa nilitaka kilio changu kiwe na mwenyewe. Akili ya mtu aliyefiwa inajua kutengeneza kumbukumbu ikihitaji. Sijampigia tena kumuuliza.

## Kelele za jenereta

Habari ya kifo cha mjomba niliipata kwa maandishi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mstari mmoja, kisha zikamiminika poleni, mishumaa, mikono iliyofumbatwa. Nikaandika yangu, nikarudi kwenye kazi niliyokuwa nafanya. Kundi hilohilo, baada ya maziko, binamu yangu mmoja akatuma sauti aliyorekodi kwa simu wakati mama mdogo anaimba. Nikaifungua nikiwa foleni ya benki, na ikabidi nitoke nje.

Kuna utafiti mwingine unaohusu jambo hili, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, 2010. Wasichana wadogo waliwekwa kwenye mtihani wa kuwachanganya, kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu wasiowajua. Wengine walikumbatiwa na mama zao baadaye, wengine waliongea nao kwa simu tu. Oksitosini, homoni ya utulivu na ukaribu, ilipanda kwa makundi yote mawili. Simu ilikuwa imefanya kazi ya kumbatio. Miaka miwili baadaye watafiti walewale wakajaribu ujumbe wa maandishi, mama akimwandikia mtoto. Haikupanda. Sauti ilikuwa na kitu ambacho maneno ya mama, yakiandikwa, yalikuwa hayana.

Nikaanza kuutafuta wimbo kwenye YouTube. Zipo rekodi nyingi, za kwaya zenye majoho, kinanda, ngoma za mashine, kila sauti imesafishwa mpaka inang'aa. Nilizisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesoma risiti. Hakuna kitu. Ni ile ya binamu tu, yenye jenereta linalonguruma, mtoto anayeomba maji, na mtu anayeburuta kiti katikati ya ubeti wa pili.

Nikairudia. Nikairudia tena.

Na hapo likatokea jambo lililonitia wasiwasi. Nilianza kusubiri. Nikiwa kwenye ubeti wa kwanza tayari najua jenereta liko wapi, kiti kiko wapi, besi ziko wapi, na vinyweleo vya mikono vinaanza kusimama kabla wazee hawajafungua midomo. Watafiti wa Montreal walioongozwa na Valorie Salimpoor waliliona hili ndani ya ubongo na kulichapisha 2011: mtu akisikiliza muziki anaoupenda, dopamini, kemikali ya ubongo, humwagika mara mbili, katika sehemu mbili tofauti. Mara ya kwanza ni pale anaposubiri kipande anachokipenda, na ya pili ni kinapofika. Dopamini ndiyo hiyohiyo inayohusika na chakula kitamu, na kamari, na dawa za kulevya.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kochi, nikiutumia msiba wa mjomba kama kilevi.

Machozi yalikwisha baada ya muda. Msisimko ukabaki. Sikuupenda. Kama kilio cha msibani kilikuwa ni kemia inayofunguliwa na besi, basi hakikuwa cha mjomba wala cha baba, na mzee aliyenishika goti alimshika mtu asiye na msiba.

Niliifuta ile rekodi. Ipo bado kwenye kundi la ukoo, bila shaka, lakini kwenye simu yangu haipo.

## Oktoba

Tulio na umri wa kukumbuka Oktoba 1999 tunajua kwamba nchi nzima inaweza kulizwa na sauti. Tarehe 14 Rais Mkapa alitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki, huko London. Kilichofuata kila mtu anacho kichwani mwake, redio imewekwa dirishani, na nyimbo za maombolezo za Kapteni John Komba na kundi lake la TOT zikipigwa asubuhi mpaka usiku. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Mwalimu nilikuwa nimemwona kwenye ukuta wa darasa, kwenye fremu. Hata hivyo tulilia, darasa zima, na mwalimu wetu wa hesabu aligeukia ubao akaandika tarehe, akaifuta, akaiandika tena.

Tulikuwa tunamlilia nani? Wenzangu wengine walikuwa wamefiwa na mama mwaka ule. Mmoja baba yake alikuwa ameondoka tu. Naamini siku zile watoto wengi walipata ruhusa ya kulia mambo yao chini ya bendera iliyoshushwa nusu mlingoti, na hakuna aliyewauliza.

Sauti ya Komba ninayoikumbuka ilikuwa nzito, ya kifuani, na haikutetemeka. Hata tangazo la Machi 17, 2021, la kifo cha Rais Magufuli, lililosomwa usiku kwenye TBC na Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, nikilisikiliza tena leo nasikia mtu anayejishika. Hakuna kilio ndani yake. Vilio vilikuwa upande wa pili wa redio.

Hilo la kujishika ndilo lililonirudisha Muheza.

## Nikianza mimi, nani ataimba?

Nilikwenda kwa mama mdogo kupeleka mchango uliobaki. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, na baada ya chai nikamwambia moja kwa moja kwamba alinitoa machozi mbele za watu.

"Nilikuona," alisema. "Nikasema huyu ana lake."

Nikamuuliza yeye mbona hakulia. Aliyekufa ni kaka yake, wamenyonya ziwa moja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona hapiki huku ameshika mwiko.

"Nikianza mimi, nani ataimba?"

Kisha akanipa somo ambalo sikulikuta katika zile tafiti zangu zote. Wimbo wa msiba unautoa chini, hata kama una sauti ya juu, kwa sababu ukianza juu huna pa kukimbilia. Humtazami mjane. Humtazami mtoto wa mwisho wa marehemu. Unachagua kitu kisichokuhusu, kenchi, bati, mti wa jirani, unakiimbia hicho. Ukihisi donge linapanda unameza kabla ya mstari, si katikati yake. Likizidi, unageuza uso kwa mwenzako wa sauti ya pili, naye anajua bila kuambiwa, anauchukua ubeti kama vile ilikuwa zamu yake. Na ukiona sauti inataka kukatika, unaishusha. Wasiojua huipandisha, ndipo inapokatika.

Donge hilo lina maelezo yake ya kitabibu. Mtu akielekea kulia, mwili hufungua njia ya hewa kooni ipanuke, kana kwamba amekimbia na anahitaji pumzi. Kuimba na kumeza kunataka njia hiyohiyo ijifunge. Misuli inavutana, na mvutano huo ndio tunaoutaja kuwa ni donge. Anayeimba msibani anashindana na koo lake mwenyewe, na nadhani sisi wasikilizaji tunayasikia mashindano hayo hata kama hatuyajui. Mtu anayelia kwa sauti tunamwonea huruma na kumletea maji. Yule anayejizuia huku sauti inaendelea kwenda sawasawa ndiye anayetumaliza. Tanga tulikuwa na bingwa wa hilo, Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki 2016. Aliimba kwamba macho yanacheka na moyo unalia, kwa sauti iliyonyooka juu kabisa bila kuyumba, na kumbi za watu wazima zikaloa.

"Sasa wewe unalia lini?" nikamuuliza mama mdogo.

Akapuliza makapi ya mchele.

"Misiba ya watu," alisema. "Wakiimba wengine. Mwaka jana nimekwenda Korogwe kumsindikiza jirani yangu, aliyekufa simjui hata kwa sura. Nimelia mimi! Watu wanamuuliza jirani, huyu mama marehemu ni nani wake?"

Tukacheka sana. Kisha akasema ile ya Korogwe ilikuwa ya mama yao, bibi yangu, aliyezikwa miaka mingi nyuma na yeye ndiye aliyeimba.

## Mbele, upande wa kushoto

Nilirudi Dar na basi la jioni, na kufika Segera nilikuwa nimeshaelewa nilikuwa wapi siku ya kumzika baba.

Nilikuwa nimesimama upande wa waimbaji. Sitaki kuiita tahlili wimbo, lakini koo haliulizi fatwa. Nilikuwa natoa pumzi na kuivuta kwa hatua, nashikilia sauti isishuke, namsikiliza sheikh ili nimpokee kwa wakati, bega linaniuma, njia ina mashimo. Baadaye nilikuwa ndani ya kaburi nikipokea mwili, kisha nikihesabu maji. Muda wote nilikuwa mmoja wa waliolibeba jambo. Muheza ilikuwa mara ya kwanza tangu baba afariki kwamba nimekaa kwenye kiti, sina la kufanya, na watu wengine wameshika sauti.

Maelezo haya yananiridhisha kwa kiasi kikubwa. Yananieleza kwa nini YouTube haikufanya kitu: wale wenye majoho hawakuwa wanapambana na koo zao, walikuwa studio. Yananieleza ile rekodi ya binamu kuisha nguvu pia, maana baada ya muda mimi ndiye niliyekuwa naiendesha, nikijua kila kiti kitaburutwa wapi.

Ila yana tundu, na tundu lenyewe ni kaka yangu.

Yeye alikuwa upande wa kulia wa jeneza. Aliitikia kwa sauti kubwa kuliko mimi, akabeba kwa muda mrefu kuliko mimi, na alilia njia nzima, tahlili na kwikwi zimechanganyika, na hakuna kilichokatika. Tena kaka ni mtu ambaye muziki haumwingii kabisa. Kwenye gari lake hakuna redio, iliibwa zamani na hakuona sababu ya kununua nyingine. Watafiti wa Barcelona walieleza 2014 kwamba watu wa aina hiyo wapo kweli: wana masikio mazima, wanafurahia pesa na vingine kama kawaida, ila muziki kwao ni sauti tu zinazopita. Nilimtumia makala hiyo. Akajibu kwa kidole gumba.

Nilimuuliza aliwezaje kulia na kuitikia pamoja.

"Kwani kuna namna?" akasema. "Baba amekufa, nikalia."

Sina jibu la kumpa. Huenda asiyesisimkwa na sauti hana haja ya kuilinda yake isiharibike, akaiacha ipasuke inavyotaka. Huenda mimi, mwenye sauti iliyosifiwa tangu madrasa, nilikuwa nikiilinda hata mbele ya jeneza la baba. Hili la pili nimelizungukia siku nyingi kabla ya kuliandika, na bado sijui kama ni kweli au ni ukali tu wa kujihukumu.

## Hitima

Mwaka wa baba unakaribia. Kaka ndiye anayepanga hitima, kwa daftari, kama anavyopanga kila kitu: mchele, mbuzi, turubai, masheikh, nani atasoma mlango upi wa Barzanji, kitabu cha maulidi. Mlango wa mbele kabisa kaniandikia mimi, bila kuniuliza, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote ukoo huu ukikusanyika.

Nikamwambia safari hii asinihesabu.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nataka kukaa mlangoni na waliokuja kusikiliza."

Akanitazama kwa muda. "Sasa nani atasoma?"

Nikamwambia atafute mtu. Akanung'unika kwamba watu wa kusoma vizuri wamekwisha, vijana wa siku hizi wanakimbiza, na wageni watauliza mtoto wa marehemu yuko wapi. Mama mdogo ameshasema atakuja tangu siku moja kabla, atakaa jikoni na wanawake, na ameuliza kama wali utakuwa wa nazi.

Jana kaka amepiga simu. Amempata kijana wa Pongwe, inasemekana ana pumzi. Anataka nauli ya kuja na kurudi na kitu kidogo juu yake, na kaka anaona ni nyingi kwa umbali huo. Nimemwambia aiache, hiyo nauli nitailipa mimi.